Kilichozama Chini ya Beseni

Wazee wa miaka themanini walimwita Shangazi, ingawa yeye mwenyewe alikuwa na hamsini na mbili na hakuwa dada wa baba wa mtu yeyote mle ndani. Jina lilianza kwa binti wa kaka yake, aliyekuwa mfagizi katika nyumba ile ya wazee na ndiye aliyemleta jikoni siku mpishi wa zamani alipokamatwa na mgongo. Binti akaolewa, akaenda zake. Mpishi wa zamani hakurudi. Shangazi akabaki na jina pamoja na sufuria, na sasa ni mwaka wa kumi na tisa.

Jikoni mwake mlikuwa na meko matatu, moja likiwa kaidi, lisilowaka mpaka ulipigie magoti. Kulikuwa na beseni kubwa la aluminiamu, refu kwenda chini, ambalo mtoto wa miaka miwili angeoga ndani yake bila shida. Kulikuwa na dirisha la kupitishia sahani kwenda ukumbi wa chakula. Na kulikuwa na mizani. Mizani ile aliinunua mwenyewe baada ya kurudi kutoka kwenye mafunzo ya wiki mbili ya lishe, na tangu siku hiyo mtu akiingia jikoni na limau mkononi, limau lilipimwa kwanza ndipo asalimiwe.

Msimu huu ninaousimulia, mwenye shida alikuwa Fundi Saa.

Fundi Saa alikuwa na miaka themanini na nane, mkubwa kuliko wote katika ukumbi. Alitengeneza saa za watu maisha yake yote katika kibanda kisichotosha watu wawili, na mpaka leo akipita chini ya saa ya ukutani alisimama, akaisikiliza, akasonya. Mke wake alikuwa upande wa pili wa nyumba, chumba cha wanaolala kitandani. Miguu yake ilikuwa imekataa kazi, lakini ulimi ulikuwa mzima kabisa. Kila siku saa nne asubuhi Fundi Saa alikwenda kwake kuitia ufunguo saa yake ndogo ya mezani, ile yenye kengele, na kila alasiri alirudi kukaa naye. Walikuwa na miaka sitini na mmoja ya ndoa na bado walibishana kuhusu dirisha, lifungwe au liachwe wazi.

Kipindi cha baridi kilimtafuna yule mzee. Meno yalikwisha, fizi zikawa vidonda, na chakula cha moto kilimchoma. Mchuzi aliusogeza pembeni. Nyama aliitazama tu, kama mtu anayetazama deni la jirani. Asubuhi alichovya mkate kwenye chai, jioni alikunywa vijiko vitatu vya supu, basi. Akakonda kama ng'onda.

Nesi wa nyumba ile, mwanamke mwepesi wa miguu na mzito wa kucheka, alikuja jikoni na karatasi ya daktari.

"Shangazi, mzee yuko kilo arobaini na tano na nusu. Daktari ameandika hapa. Tumpime kila Jumatatu kwa wiki nne. Akishuka chini ya arobaini na nne, anapelekwa hospitali kubwa akalishwe kwa mpira wa puani."

"Na mkewe je?"

"Mkewe anabaki hapa. Hospitali haichukui mke wa mtu eti kwa sababu mume hali."

"Atarudi?"

Nesi alikunja ile karatasi mara mbili, kisha mara ya tatu. "Wangapi umeona wamerudi?"

Jibu Shangazi alikuwa nalo. Aliowafungia chakula cha njiani katika miaka kumi na tisa ni saba, na hakuna hata mmoja aliyerudisha bakuli.

Bahati iliyomwangukia ni kwamba wiki hiyohiyo baridi ilikatika na viazi vipya vikaingia sokoni. Vile vidogo, vya ngozi nyembamba ambayo inatoka ukiigusa tu kwa kidole. Njegere nazo zilikuwa changa, karoti changa, maharagwe mabichi yanayovunjika kwa sauti, vitunguu vya majani bado na udongo wake. Shangazi akatengeneza saladi ambayo huitengeneza kila mwaka msimu huo: viazi na mboga, mayai ya kuchemsha yaliyokatwakatwa, na mchuzi wa mafuta, limau na mtindi. Ni chakula kilichopoa, laini, hakichomi. Fundi Saa akakila chote na kuuliza kama kesho kipo.

"Kipo," Shangazi akasema. "Na kesho kutwa kipo. Mpaka uchoke."

Mkuu wa nyumba alipopata habari kwamba ukumbi mzima utakula saladi ileile kila mchana kwa wiki nne, alishuka mwenyewe jikoni. "Viazi na majani, Shangazi? Vitamnenepesha nani?"

Hapo ndipo alipokosea kugusa. Kuna watu ukiwatukania mama yao watakusamehe. Shangazi ukimtukania kiazi hakusamehi. Alimketisha mkuu wa nyumba juu ya gunia, akampa somo. Kiazi si wanga mtupu, alisema. Kina vitamini C na kina potasiamu, ila nyinyi mnakimenya mnakikatakata, mnakichemsha kwenye ziwa la maji, kisha hayo maji mnayamwaga na vitamini zake zote, halafu mnasema kiazi hakina kitu. Yeye alivichemsha na ngozi zake, kwa maji ya kufunika tu. Njegere zina protini. Yai lina protini nzuri kuliko zote. Karoti bila mafuta inapita tumboni kama mgeni asiyekaribishwa, lakini ukiipa mafuta, mwili unaichukua. Na hayo mafuta yenyewe, kijiko kimoja kikubwa kinampa mzee nguvu kama nusu sahani ya viazi.

Kisha akampa hesabu. Alipima kila kitu kilichoingia kwenye beseni, akajumlisha, akagawanya kwa arobaini na moja, yaani wazee arobaini wa ukumbini na yeye mwenyewe. Kila sahani ilitoka na kalori mia nne na kumi na protini gramu kumi na nne. Aliiandika ile karatasi kwa wino wa bluu, akaibandika ukutani juu ya sinki. Mkuu wa nyumba akainuka, akapangusa suruali, akasema basi, fanya. Shangazi akajifunga kibwebwe.

Sasa nieleze namna chakula kilivyotolewa, maana hapo ndipo penye kisa. Saladi ilichanganywa ndani ya lile beseni, tena taratibu, mara moja tu, kwa sababu viazi vipya ukivikoroga kwa hasira vinakuwa uji. Kisha ikaachwa ipoe. Kisha Shangazi aliteka kutoka juu kwenda chini, sahani baada ya sahani, kwa mpangilio wa umri. Heshima ndiyo iliyopanga foleni pale: mkubwa wa wote kwanza, anayemfuatia baadaye, mpaka meza ya mwisho walikoketi wale waliochekwa kuwa vijana, wenye miaka sitini na kidogo. Na mpishi alikula wa mwisho kabisa. Hivyo ndivyo mama yake alivyomlea: mpishi anayekula kabla ya watu ni mwizi aliyevaa aproni.

Kwa hiyo sahani ya kwanza ilikuwa ya Fundi Saa. Aliletewa na Shangazi mwenyewe, kwa mikono miwili, na aliimaliza mbele ya macho yake.

Jumatatu ya kwanza mizani ya Nesi ilisoma kilo arobaini na tano na robo. Shangazi akasema mwili unajipanga. Jumatatu ya pili, arobaini na nne na robo tatu. Akasema labda kapimwa kabla ya chai. Jumatatu ya tatu, arobaini na nne na nusu ya robo, na hapo akainama kuusoma mshale mwenyewe.

"Anakula kweli?" Nesi aliuliza.

"Analamba sahani! Namsimamia kama askari!"

"Basi hiyo saladi yako..."

"Usiimalizie hiyo sentensi," Shangazi akasema.

Alirudi jikoni, akabandua ile karatasi ukutani, akaanza hesabu upya. Zilitoka vilevile. Akapima mizani yake kwa pakiti ya chumvi isiyofunguliwa. Mizani haikuwa na kosa. Akaanza kumshuku mzee mwenyewe. Siku ile ya Jumatatu alijibanza nyuma ya pazia la ukumbi, mwili wake wote na aibu yake yote, kuona kama Fundi Saa anaficha chakula mfukoni ampelekee mkewe. Mzee alikula mpaka chembe ya mwisho, akafuta mdomo, akasema bila kugeuka, "Shangazi, miguu yako inaonekana chini ya pazia."

Usingizi ulimpaa. Kosa lilikuwepo mahali, na yeye ndiye aliyekuwa na mwiko mkononi.

Jumanne mchana, wote walipokwisha kula, aliketi kwenye kigoda chake akateka chakula chake kutoka chini ya beseni. Aproni ilimbana. Wiki iliyopita mshipi wake ulikuwa umefika tundu la mwisho, na leo kamba za aproni zilifungika kwa shida. Alikuwa ameilaumu sabuni kwamba inasinyaza nguo. Akakilegeza kile kifundo, akainua kijiko.

Kijiko kikasimama njiani.

Alitazama sahani yake. Ilikuwa ya kijani kwa njegere na ya manjano kwa mayai, na mchuzi uliokusanyika ukingoni uling'aa. Viazi vilikuwa vitatu tu, vimezama. Akajaribu kuikumbuka sahani aliyompelekea Fundi Saa saa moja iliyopita, sahani aliyoibeba kwa mikono miwili. Ilikuwa nyeupe.

Alikiweka kijiko chini, na siku hiyo hakula.

Jumatano aliteka sahani mbili akaziweka kando: ya kwanza kutoka juu, ya mwisho kutoka chini. Zote mbili zilikuwa na uzito mmoja, gramu mia tatu na hamsini, kama hesabu yake ilivyotaka. Kisha akazichambua moja moja juu ya meza kama mtu anayechagua mchele. Sahani ya kwanza ilikuwa na viazi, viazi, karoti mbili tatu, njegere sita, na kipande cha yai kisichozidi ukucha wa kidole gumba. Sahani ya mwisho ilikuwa na mayai mawili na zaidi, na njegere ambazo alipofika mia aliacha kuzihesabu. Mafuta hakuweza kuyachambua, kwa hiyo alifuta kila sahani kwa karatasi. Karatasi ya kwanza ilibaki kavu. Ya pili ilipitisha mwanga wa dirisha.

Vidogo na vizito vilikuwa vinateleza katikati ya viazi na kushuka. Mchuzi nao ulishuka navyo. Kwa makadirio yake, sahani ya kwanza haikufika hata kalori mia mbili na hamsini, na protini yake gramu sita. Ya mwisho ilipita mia sita. Ile karatasi ya wino wa bluu haikuwa ya uongo. Mia nne na kumi ndiyo iliyotoka ukigawanya beseni zima. Tatizo ni kwamba katika ukumbi ule hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kula hiyo mia nne na kumi. Wazee waliokongoroka walikuwa wakila viazi vitupu, mmojammoja kwa heshima yake, na wale vijana wa meza ya mwisho walikuwa wanalegeza mikanda. Na aliyekuwa akila mayai ya Fundi Saa kwa wiki tatu, kwa adabu yote aliyofunzwa na mama yake, ni Shangazi.

Alilia kidogo, akaegemea sinki. Kisha akapenga kamasi na kuanza kazi, maana kilio hakina protini.

Alasiri alikwenda chumba cha mke wa Fundi Saa. Mzee alikuwepo, kwenye kiti cha kando ya kitanda. Dirisha lilikuwa nusu wazi, dalili kwamba wamefikia mapatano.

"Mzee," Shangazi akasema, akiwa amesimama mlangoni, "nimekuja kukuomba radhi. Nimekuwa nikila chakula chako."

"Ulipita lini mbona sikukuona?"

Akamweleza yote, beseni, mayai, karatasi mbili. Hakujipunguzia hata neno. Fundi Saa alisikiliza kama anavyosikiliza saa, kichwa upande. Alipomaliza, mabega ya mzee yakaanza kutikisika.

"Mama, umesikia?" akamwambia mkewe. "Mimi nimekonda kwa heshima!"

"Nimesikia," mkewe akasema, naye hakucheka. Alimtazama Shangazi moja kwa moja. "Siku zimebaki ngapi?"

"Tano, mama."

"Basi unasimama hapo unafanya nini?"

Shangazi aliondoka mbio.

Beseni aliligeuza kifudifudi, akalipandisha juu ya kabati. Kuanzia Alhamisi hakuna kilichochanganywa. Alifika kazini saa nzima kabla ya wakati wake, akapanga sahani arobaini na moja mezani, kwenye rafu, juu ya friji na mbili juu ya kiti. Kila sahani iliwekewa viazi kwa mizani, yai lake moja zima, njegere kikombe chake, mboga zake, kisha mchuzi kijiko kwa kijiko. Ya Fundi Saa ilipata yai la pili na mafuta zaidi, na viazi vilipondwapondwa kwa uma ili fizi zisisumbuke. Mkuu wa nyumba alichungulia, akaona friji imevaa sahani, akasema hii kazi haiwezekani kila siku.

"Inawezekana," Shangazi akasema bila kuinua kichwa. "Nipishe mlangoni, unanizibia mwanga."

Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi. Jumapili haikuwa zamu yake, akaja. Mzee alikula. Kila sahani iliporudi, Shangazi aliiinua kwenye mwanga kuona kama imebaki na mafuta, na kila mara mzee alikuwa ameyapangusa kwa mkate.

Jumatatu asubuhi, kabla ya saa nne, Nesi aliitoa ile mizani ya kusimamia, ya mshale. Shangazi alikuwepo, mikono ndani ya aproni. Fundi Saa alikuja amevaa koti lake zito la kazi, ambalo hakuna aliyeliona tangu baridi ikatike.

"Vua koti, mzee," Nesi akasema.

"Nina baridi."

"Baridi gani? Haya, panda. Koti nitalikadiria."

Akapanda. Mshale ukacheza, ukatulia. Nesi akainama, akatoa kilo moja ya koti kwa makadirio, uso ukamfunguka. "Arobaini na tano kasoro kidogo! Shangazi, njoo uone!"

Shangazi alikuwa anainama kuona, na hapo koti likaanza kulia.

Ilikuwa kengele kali, ya chuma kwa chuma, kutoka mfuko wa ndani. Fundi Saa alifumba macho. Ilikuwa saa nne kamili, na alichokuwa nacho mfukoni ni saa ya mezani ya mkewe, ile ya shaba, aliyoitega mwenyewe miaka na miaka ili imwambie mkewe kwamba mumewe anafika. Alikuwa amekumbuka kuiazima. Hakukumbuka kuitegua.

Nesi alinyoosha mkono. Mzee akaitoa saa. Kisha, kwa kuwa mkono ulibaki pale pale, akatoa koleo, bisibisi nne, na kisanduku cha chuma cha vipuri.

"Na koti," Nesi akasema.

Alibaki na shati na suruali, mifupa ya mabega ikionekana. Alipanda tena kwenye mizani akitazama ukuta. Mshale ukacheza. Shangazi alitaka kufumba macho, akajikataza. Kama ni kosa lake, alitazame. Mshale ukatulia.

"Arobaini na nne," Nesi akasoma polepole, "na robo, na... na kidogo mbele ya robo." Akasimama wima. "Amepanda. Mzee umepanda! Hukuhitaji haya machuma yako!"

Akachukua karatasi ya daktari, akaandika, na kwa mara ya kwanza mwaka huo meno yake yakaonekana. Mzee haendi popote.

Shangazi alipata pumzi, na baada ya pumzi ikaja hasira, maana vyote viwili huishi nyumba moja. "Mzee, nimekupimia mpaka chumvi. Siku tano sikukaa kitako. Kwa nini hukuniamini?"

Fundi Saa alikuwa anarudisha bisibisi zake mfukoni, moja moja, kwa mpangilio wa ukubwa.

"Nilikuamini wiki tatu za kwanza, Shangazi," akasema.

Hakukuwa na ukali katika sauti yake. Akachukua saa ya mkewe, akaipangusa kwa mkono wa shati, akaenda zake kuitia ufunguo. Alikuwa amechelewa dakika sita, na angeambiwa.

Shangazi akarudi jikoni, akalipigia magoti lile meko kaidi mpaka likashika. Akahesabu mayai ndani ya sufuria: arobaini na mawili. Arobaini ya wazee, moja la nyongeza la Fundi Saa, na la kwake lilikuwa moja.